Zamu ya Yankel Mchinjaji

Lazer aliponifungia mlango usoni, nilicheka. Si kwamba palikuwa na la kuchekesha. Mimi nimefukuzwa Unguja na mapinduzi, nikafukuzwa Dar na wifi yangu, nikafukuzwa Sparkbrook, huku Birmingham, na mwenye nyumba aliyesema bizari zangu zinapanda kwenye mapazia yake. Mtu aliyefuzu kufukuzwa kiasi hicho hatishwi na mwanamume mwenye miguu kama vijiti vya mshikaki. Nikaketi kwenye kizingiti, nikainama hadi kwenye upenyo wa kutilia barua mlangoni.

"Lazer," nikamwambia, "chupa zako za maziwa ziko hapa nje pamoja na mimi. Nina kiu na sina haraka."

"Nenda zako, Jokha. Rabi hataki kukuona."

"Sikuja kuonwa. Nimekuja kumwona."

Nikamsikia anapumua nyuma ya mlango. Nikafungua chupa ya kwanza, nikapiga funda kwa sauti ili asikie vizuri.

Ndani ya kifua changu palikuwa panawaka. Mama yangu, Bi Mize, alikuwa nyumbani kwetu Small Heath kitandani, uso ameupeleka ukutani, hali. Maji alikunywa, na chai kavu nikimlazimisha, lakini chakula hapana. Sababu ilikuwa neno moja la Rabi Fishel, na nilikuja kumwambia alirudishe. Nilikuwa nimeapa kwenye basi kwamba siondoki hapa Balsall Heath bila hilo neno kurudishwa, na wenzangu kwenye basi walinisikia, maana niliapa kwa sauti.

Rabi Fishel alikuwa mzee wa Mayahudi wa Kihasidi, wale wa makoti meusi marefu na ndevu zisizojua mkasi. Kila kundi lao lina mzee wao, na humfuata kama muridi anavyomfuata shehe wa tarika. Akila wanagombea kilichobaki kwenye sahani yake, akiimba watu wazima wanalia. Wafuasi wake wa Birmingham walikuwa wachache, washona suti na wauza vitambaa, wakisali ghorofani kwake kwenye chumba chenye stovu moja na viti visivyofanana. Lazer ndiye aliyekuwa khadimu wake. Mimi nilifagia, nilifua na kupiga pasi. Kupika sikuruhusiwa kwa sheria zao, nami sikulalamika hata kidogo.

Ndani ya chumba hicho kulikuwa na kabati la vioo, na ndani ya kabati vitabu vya sala vya mji mzima. Mji wenyewe haukuwapo tena. Ulikuwa milimani huko Ulaya ya Mashariki, na vita vilipokwisha hakubaki ndani yake Myahudi wa kuwasha taa. Rabi aliwaandikia watu duniani kote, wapwa, wakwe, majirani Wakristo waliookota hiki na kile, na kilichopatikana kililetwa kwake. Kitabu cha mshona viatu. Kitabu cha mwalimu wa watoto. Kitabu cha mjane aliyekuwa akiuza mayai. Kila asubuhi alitoa kitabu cha mwenye zamu, akamtaja mwenyewe kwa jina, akasali humo siku nzima, asubuhi, alasiri na jioni. Kesho yake cha mwingine.

"Leo anasali muuza mayai," aliniambia nilipomuuliza kwa nini kila siku ana kitabu tofauti. "Mimi namshikia tu."

Alinionyesha kurasa zilizovimba. Machozi, akasema. Kila mtu ana ukurasa wake wa kulia. Mshona viatu alilia kwenye Zaburi, muuza mayai alilia penye dua ya watoto. Alipofika kwenye ukurasa uliovimba alisimama, akalia na yeye, mahali pale pale, kama mtu anayetia mguu kwenye nyayo za mwenzake.

Mama nilikuwa nikienda naye, maana kumwacha peke yake nyumbani na baridi ile ni kumzika kabla ya siku zake. Alikaa jikoni kwa Rabi na tasbihi yake. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, lakini mzee akipita aliinamisha kichwa, na mama akatia mkono kifuani. Alimpenda kwa sala zake.

"Huyu mzee anasali kwa mwili mzima," aliniambia. "Si kama wewe, unasali kama mtu anayewahi basi."

Basi. Sasa nieleze balaa lenyewe.

Ilikuwa mwaka wa sabini na moja, wakati wa baridi kwisha. Mayahudi wana sikukuu yao ya kutoka Misri, Musa na Firauni, na kabla yake nyumba husafishwa mpaka ufa wa mwisho, maana wiki ile hakutakiwi hata kombo la mkate ndani. Makombo ya mwisho huchomwa uani, na dua inasomwa. Mwaka uliotangulia mama alisimama kwenye dirisha la jikoni akamwona Rabi na Lazer kwenye moto wao mdogo, midomo inatembea, na alifurahi. Akanambia, "Unaona, na wao wanachoma kwa adabu."

Safari hii Rabi alikuwa amelazwa hospitali upande wa Bordesley Green, kifua. Usafi ukatuangukia sisi. Nami siku hiyo nilikwenda kumpelekea soksi na kanzu ya kulalia, nikamwacha mama na Lazer. Lazer akamwonyesha mama kazi kwa vidole: boksi la magazeti chini ya ngazi, ua, kibiriti. Kisha akatoka kwenda kununua sijui nini.

Mama alitoa magazeti moja moja. Katikati yake akakuta kitabu. Hakina jalada, panya wamekula pembe, kurasa zimeshikana, lakini herufi ni zile zile za vitabu vya kabatini. Mama hajui Kiebrania, ila anajua maandishi ya Mungu yakiwa kwenye takataka. Kwetu ukurasa wa aina hiyo ukichakaa hautupwi. Unachomwa kwa heshima, na majivu yanapelekwa kwenye maji yanayokwenda. Akatia udhu. Akatoa kikapuni mwake bakuli jipya la enameli aliloninunulia kwa ajili ya harusi yangu ya pili, ambayo mpaka leo ninaisubiri, akakichoma kitabu peke yake, mbali na magazeti, huku anasoma. Majivu akayafunika kitambaa cheupe. Hakuyamwaga, kwa sababu alitaka kumuuliza Rabi mto upi Birmingham ni safi. Nilipomwambia haupo, alisema mzee atajua.

Rabi aliporudi kutoka hospitali, mama alimngoja sebuleni amevaa buibui lake zuri. Akampa bakuli kwa mikono miwili.

"Mwambie nimemhifadhia kitabu chake," akanambia.

Nikamwambia. Rabi akafunua kitambaa, Lazer amesimama nyuma yake. Pembeni kulikuwa na kipande kidogo ambacho moto ulikiacha, herufi tatu nne. Aliziangalia. Uso wa yule mzee ulibadilika mbele yangu, ukawa uso wa mtu nisiyemjua. Akashika ukosi wa koti lake akauchana, khaa, mpaka kifuani, kama wanavyofanya kwenye msiba. Kwao, nilikuja kujua baadaye, kitabu kikichakaa huzikwa makaburini kama mtu. Na moto, kwa watu wale, si moto tu. Waliouangamiza mji wake na watu wake walianza na vitabu.

"Mwambie mama yako," akasema, "amefanya walivyofanya wao."

Sikumfasiria. Nilisema, "Rabi anasema ahsante, amechoka." Lakini mama si mtoto. Aliliona koti. Ndani ya basi alinishika mkono akaniminya mpaka nikamwambia neno lile kama lilivyo, na akaniuliza wao ni nani, nikamwambia na hilo pia. Mama alihamia kiti cha upande wa pili akaangalia nje. Tangu hapo hakutia kitu tumboni.

Nilimpikia wali wa nazi. Nilimpikia mchuzi wa papa, na papa Birmingham wakati ule alikuwa adimu kuliko mume. Alisukuma sahani.

"Nimechoma maneno ya Mungu mbele ya mja wake," akasema. "Chakula kitapita wapi?"

"Mama, hukujua."

"Na hao waliochoma, wao walijua?"

Nikavaa koti.

Kwa hiyo nilikuwa pale kizingitini, chupa ya kwanza ya maziwa nusu, wakati Lazer alipofungua mlango kwa ghafla akanyoosha mkono kuchukua chupa ya pili. Nikapitisha mguu ndani. Nina mguu mkubwa, nashukuru.

"Utamuua," Lazer akasema. "Kifua chake bado."

"Na wangu je?"

Nikapanda ngazi, yeye nyuma yangu ananivuta kanga. Rabi alikuwa ameketi chumba cha sala amevaa koti lile lililochanwa. Kabati lilikuwa limefungwa na ufunguo haukuwapo mlangoni. Juu ya meza bakuli la mama lilikuwa limefunikwa kitambaa chake. Mzee hakuinua macho.

"Rabi," nikasema, "mama yangu hali."

"Na mimi sili."

"Wewe unakula. Sahani ile pale ina mifupa ya samaki."

Lazer alikohoa nyuma yangu. Rabi akaniangalia, na niliona kwamba nilichokibeba mimi kutoka Small Heath kwenye basi, yeye alikuwa nacho mara mia.

"Umekuja kunifanyia mzaha?"

"Nimekuja kuchukua neno la mama yangu. Ulilomwambia si lake. Umempa neno la watu wengine, na yeye amelichukua kwa sababu anakuheshimu. Lichukue."

"Amechoma kitabu cha sala."

"Kwa udhu. Kwa bakuli jipya."

"Moto hauulizi bakuli."

"Hata panya hawaulizi," nikasema. Hapo sauti ilinipanda, na mimi sauti yangu ikipanda husikika mpaka barabara ya pili. "Kilikuwa kinaliwa na panya, Rabi, ndani ya magazeti ya mwaka juzi. Mama yangu amekitoa kwenye taka. Yeye ndiye pekee aliyekipa heshima ndani ya nyumba hii, na wewe umemfananisha na wauaji wa watu wako."

"Toka."

"Sitoki."

"Lazer, mtoe."

Lazer hakunishika. Alikuwa amesimama karibu na kabati, pua karibu na kioo, anaangalia migongo ya vitabu kimoja baada ya kingine.

"Vyote vipo," akasema taratibu. "Nilijua kuna kitu kinanisumbua. Mshona viatu yupo. Mwalimu yupo. Rabi, kilichochomwa ni cha nani?"

"Nimekwambia umtoe."

"Nilimwambia mama yake alichome boksi lile. Mimi. Tangu siku ile silali, nasema ni mimi niliyempa kibiriti." Alikuwa amegeuka kumtazama Rabi. "Nimekuwa na wewe tangu tulipokuwa tunalala kwenye stesheni za treni. Kila kitabu kilichofika nilikifungua mimi. Hiki sikukiona. Cha nani?"

Rabi alifumba macho. Kisha akasema, kama mtu anayetema kitu kichungu:

"Cha Yankel."

"Yankel yupi?"

"Mji wetu ulikuwa na Yankel wangapi wa kunifanya nifiche kitabu?"

"Mchinjaji," Lazer akasema, akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu.

Mimi Yankel simjui, na nilisema hivyo. Nikasema kama kuna mtu ananificha jambo linalomuua mama yangu, afadhali alitoe sasa. Rabi akaanza kusema, si kwangu, alikuwa anaiambia meza.

Ulikuwa wakati wa baridi, watu wanakamatwa. Yeye alitoroka na mwanawe mdogo, amembeba mgongoni, mtoto ana homa. Alikwenda nyumbani kwa Yankel kwa sababu Yankel alikuwa na sehemu chini ya duka, mahali pa kuning'iniza nyama, na kila mtu alijua. Alibisha. Aliona taa ndani. Akabisha tena, akasema ni mimi, Fishel, na mtoto. Taa ikazimwa.

"Nilisikia anapumua nyuma ya mlango," akasema Rabi. "Pumzi yake. Umbali kama huu, wangu na wako."

Alikaa msituni na mtoto mpaka kulipokucha, na kulipokucha alikuwa amebeba mwili. Yankel naye hakufika mbali. Walimchukua na wanawe wote.

"Miaka ikapita," akasema. "Mpwa wake aliyeko Manchester akanitumia kitabu. Akaandika kwamba anasikia ninavikusanya. Ningemwambia nini? Nikakichukua. Nikakifungua. Kila mtu ana ukurasa wake wa kulia, nikatafuta wa Yankel. Upo. Mahali pa kuungama dhambi kabla ya kulala. Ukurasa umevimba mpaka hausomeki." Mkono wake ulipiga meza, bakuli likaruka. "Alilia nini huyu? Nani alimpa ruhusa ya kulia? Nikasema leo simsalii. Nikasema wiki ijayo. Nikakifunga kwenye gazeti ili nisikione nikifungua kabati."

"Ukampa panya," nikasema.

Sikujivunia kusema hivyo, wala sijutii. Nilimwonea huruma, na hasira haikupungua hata tone. Vitu hivyo viwili vinakaa kifua kimoja vizuri tu, vinapishana kama wapangaji.

"Nikampa panya," akasema Rabi.

"Kisha mwanamke mmoja kutoka Unguja akamtoa kwenye taka, akamsomea, akakuletea mikononi. Na ulivyoona ni yeye, Yankel, ulichana koti."

"Sikuchana kwa ajili ya Yankel."

"Kwa ajili ya nani?"

Rabi akasimama, na kusimama kwake ilikuwa kazi, akaegemea meza kwa ngumi.

"Lazer. Kofia."

"Daktari amesema usitoke kwenye baridi."

"Haya si ya daktari. Wala si ya Mungu. Nikimkosea yeye ananisamehe mwenyewe. Nikimkosea mtu, hagusi kosa hilo mpaka nimwendee mtu huyo kwa miguu yangu. Nimewafundisha hivyo kila mwaka, nanyi mnaitikia kwa vichwa kama kuku. Kofia."

Tulikwenda kwa basi, sisi watatu, Rabi kwenye kiti cha mbele na koti lake lililochanwa. Watoto wawili walimcheka ndevu. Niliwageukia, nikawatolea jicho ambalo Unguja lilijulikana mtaa mzima, wakanyamaza. Mimi nilikuwa ninapanga nitamfasiria mama vipi, maana Kiingereza cha mama kinaishia kwenye bei ya vitunguu.

Mama alikuwa kitandani chumba cha mbele. Aliposikia kishindo cha wanaume aligeuka, akamwona, akajivuta akaketi na kujifunika vizuri. Alikuwa amekonda. Kumwona amekonda mbele ya mgeni kulinirudishia hasira yote kutoka mwanzo.

Rabi hakukubali kiti. Alisimama miguuni pa kitanda, Lazer akabaki kwenye mlango wa chumba.

"Mwambie," akasema, "neno nililomwambia lilikuwa la uongo."

Nikafasiri. Nikaongezea kidogo kwamba anaona haya.

"Sijasema naona haya," akasema Rabi.

"Unaona lakini."

"Ndiyo. Mwambie kama ulivyomwambia."

Mama alisikiliza. "Aliyasema yale mbele ya nani?" akauliza.

"Mbele yangu na mbele ya Lazer."

"Basi ayarudishe mbele ya Lazer. Yule pale anajificha na mlango."

Rabi akageuka, akamwita Lazer aingie ndani. Akasema polepole kwa Kiingereza, kisha kwa lugha yao, kwamba mwanamke huyu hakufanya walivyofanya wao, kwamba hakuna kitu cha wao ndani yake, na aliyesema hivyo alikuwa anamwogopa mtu mwingine. Lazer alikuwa analia bila kupangusa. Mama alimwangalia kama mtu anayeangalia nguo iliyofuliwa vibaya.

"Mwambie nimesikia," akanambia. "Sasa muulize kitabu kilikuwa cha nani."

Nikamweleza mwenyewe, yote, mlango, taa, mtoto mgongoni. Mama alinisikiliza tasbihi imesimama mkononi. Nilipomaliza, aliuliza jina la mchinjaji. Nikamwambia Yankel.

"Bin nani?"

Rabi akasema jina la baba.

"Baba kila mtu anaweza kumsema. Muulize mama yake aliitwa nani. Maiti tunamwita kwa mama."

Nikafasiri. Niliona Rabi anataka kukataa, na niliona kwamba jina analijua. Mji mdogo, utakosaje kujua.

"Brayndl," akasema. Ilimtoka kwa shida. "Aliuza mikate. Nilipokuwa mtoto alinipa ya moto."

"Yankel bin Brayndl," mama akasema, na alilitamka vibaya sana. Akamsomea kimya kimya, midomo tu. Rabi alisimama akaangalia midomo hiyo. Mikono yake ilikuwa imeshika chuma cha kitanda.

Mama alipomaliza, Rabi alinambia, "Muulize kama amenisamehe."

Mama hakuwa mtu wa kusema kitu ili kumfurahisha mgeni.

"Na yeye," akauliza, "amemsamehe huyo wa Brayndl?"

Nilisita. Rabi alisema, "Fasiri." Nikafasiri.

"Siwezi," akasema Rabi. "Mwambie kweli. Nimejaribu hapa hapa, alipokuwa anasoma. Siwezi."

"Basi na mimi siwezi," akasema mama. "Bado. Mimi nianze kusamehe, nimekuwa nani, malaika?"

Sikupunguza wala kuongeza. Nilidhani mzee atakasirika, na kweli alikasirika, shingo yake ilipanda rangi juu ya ule ukosi uliochanika. Wakaangaliana. Mama yangu naye akikasirika hapigi kelele, anakuwa mdogo na mgumu kama kokwa la tende. Lazer akaanza kusema jambo, nikamwambia anyamaze, maana nilikuwa sijawahi kuona watu wawili wakigombana kwa heshima namna ile.

"Kwetu," akasema Rabi hatimaye, "mtu akikataliwa msamaha, anarudi mara ya pili. Na mara ya tatu."

"Mwambie arudi," akasema mama. "Lakini asirudi mikono mitupu. Akija aniambie amemsalia huyo mtu. Nikijua hajamsalia, simfungulii mlango, na mwambie nitakuwa napumua nyuma ya mlango huo anisikie vizuri."

Nilifunga mdomo. Mambo mengine hata mimi ninayacheka baadaye. Nilimwangalia Rabi usoni, nikamfasiria yote mpaka pumzi.

Rabi aliinamisha kichwa kwa mama, kama alivyokuwa akifanya jikoni kwake, ila safari hii aliinama zaidi, na hakuinuka haraka. Mama hakutia mkono kifuani. Aliuacha juu ya shuka.

Nikawasindikiza mpaka kwenye mlango wa nje. Barabarani Lazer alimuuliza jambo kwa lugha yao, na Rabi akamjibu kwa ukali, kisha akajibu tena, taratibu. Niliposikia Lazer anasema "Yankel", nilifunga mlango.

Mama alikuwa ameshatoka kitandani. Alikuwa jikoni, ananusa sufuria ya mchuzi wa papa kwa uso wa kutoridhika.

"Umetia ndimu nyingi," akasema. "Nipakulie. Na wali uutie moto kwanza, siwezi kula kitu baridi na mimi nimekasirika."